Lone Ranger: kwa nini 1952 walimtoa stelingi na kumvisha mtu mwingine barakoa?

Kibao_cha_Mbuzi
Wakuu, salaam. Nimezama YouTube kwenye zile picha za kaboi za watoto, za nyeusi na nyeupe, na nimenasa kwa The Lone Ranger ya kituo cha ABC, iliyoanza Septemba 1949.

Kwa asiyeijua: askari sita wa Texas Ranger wanaingizwa mtegoni na genge la Butch Cavendish ndani ya korongo. Wanamiminiwa risasi, watano wanakufa. Wa sita anaokotwa na Tonto, Mhindi Mwekundu ambaye jamaa alimsaidia utotoni. Tonto anachimba makaburi sita ili genge liamini hakuna aliyesalia. Jamaa anachukua kizibao cha marehemu kaka yake, anakata barakoa ya macho, na tangu hapo watu wanabaki kuulizana yule mwenye barakoa ni nani.

Sasa swali langu. Za mwanzo anayecheza ni Clayton Moore. Nikafika za 1952, nakuta kidevu kingine, sauti nyingine: John Hart. Ndani ya hadithi hakuna maelezo yoyote. Tonto yuleyule, muziki uleule, farasi yuleyule, sisi watazamaji tumefanywa vipofu. 1954 Moore karudi, kimya vilevile. Mahali nimesoma ni pesa, pengine wanasema si pesa. Wajuzi shukeni.

Nipo_Kibarazani
Ngoja waje. Nimeshavuta kigoda.

Mzee_wa_Avalon
Kijana, hilo halihitaji kamati. Mshahara. Stelingi kapendwa na watoto wa nchi nzima, kaomba nyongeza, tajiri kamwambia mlango ule pale. Halafu tajiri kaona watoto hawamtaki mpya, kamrudisha wa zamani. Biashara ya picha ndivyo ilivyo tangu enzi zetu tunapanga foleni Avalon pale Dar kuangalia kaboi Jumapili.

Hesabu_Kali
Niweke takwimu tujue tunabishania nini. Jumla ni episodi 221. Msimu wa kwanza 52, wa pili 26, wa tatu 52, wa nne 52, wa tano 39. Huo wa tatu wote ni wa Hart. Kwa hiyo Moore ana 169, Hart 52. Na mleta mada, zote si nyeusi na nyeupe: zile 39 za mwisho, 1956 hadi 1957, zilipigwa kwa rangi.

Mzee_wa_Avalon, kama ni mshahara tu, mbona walivumilia mwaka mzima? Episodi 52 si mchezo.

Mzee_wa_Avalon
Walivumilia kwa sababu zilishapigwa. Ukishapika chungu kizima unamwaga?

Bi_Mkunazini
Jamani hodi. Miye nasema mnaanzia katikati. Hii habari haikuanza kwenye televisheni, ilianza redioni. Kituo kilikuwa WXYZ cha Detroit, Januari 1933. Mwenye kituo ni George Trendle, mwandishi ni Fran Striker. WXYZ walikuwa wamejitoa kwenye mtandao wa CBS mwaka mmoja nyuma, hewa tupu, wakahitaji michezo yao wenyewe ya redio. Ndipo akazaliwa huyu mtu.

Sasa sikilizeni hili. Redioni sauti ya Lone Ranger ilikuwa ya Earle Graser. 1941 Graser akafa kwa ajali ya gari. Unadhani mchezo ulisimama? Waandishi wakamjeruhi Lone Ranger ndani ya hadithi, siku kadhaa akawa hawezi kusema ila kunong'ona, Tonto ndiye akawa anasukuma mambo. Alipopona alikuwa na sauti ya Brace Beemer. Watoto wakaendelea kusikiliza kama kawaida.

Kwa hiyo Trendle alishalijaribu hilo na likafaulu. 1952 akaamini kabisa kwamba watoto wanaipenda barakoa, aliye ndani yake si shauri lao. Mshahara huenda ulikuwepo, lakini jeuri ya kumtoa mtu aliipata 1941.

Kibao_cha_Mbuzi
Bi Mkunazini, shukrani. Hili la kunong'ona sikulijua. Hapa naona angalau walijishughulisha kudanganya. Kwa Hart hata hawakujaribu!

Ouma_Mtulivu
Wadau, salamu kutoka Kisumu. Nampinga Bi Mkunazini kidogo. Redio na TV si kitu kimoja. Redioni hakuna uso. Kwenye TV, barakoa inaficha macho tu, lakini kidevu kiko nje, namna ya kutembea iko nje, namna ya kushika hatamu iko nje. Moore alitoka kwenye zile filamu za vipande za Ghost of Zorro, alishajua kucheza na uso umefungwa, anaongea kwa mabega. Hart mrefu, anasimama kama mlingoti wa bendera. Mtoto gani hataona?

Nyanda_Minnesota
> Mtoto gani hataona?

Mkuu Ouma, mimi nimefanya utafiti sebuleni. Huku niliko DVD za hizi picha za kale zinauzwa kwa bei ya karanga. Nikawawekea wanangu za Moore, kisha nikachomeka za Hart bila kusema kitu. Wa kiume, ana miaka minane, hata jina la mwanzo halijaisha akaruka: "Baba, huyu siye." Wa kike hakushtuka kabisa. Yeye alichouliza ni farasi anaitwa nani na anakula nini.

Dogo_la_Keko
Binti ana akili. Farasi ndiye stelingi.

Hesabu_Kali
Basi mwambie binti na mleta mada kwamba farasi pia si yuleyule. Silver wa televisheni alichezwa na farasi zaidi ya mmoja.

Dogo_la_Keko
Khaa! Hata farasi aliomba nyongeza?

Mzee_wa_Avalon
😂 Alidai majani.

Kaka_Mtiasauti
Nimecheka, lakini hii mada imenigusa kazini. Miaka ya nyuma nilikuwa natia sauti ya mzee mmoja mkorofi kwenye mchezo wa redio, kituo sikitaji. Mzee akapendwa, watu wanaigiza kikohozi chake vijiweni. Nikaomba mkataba wa maandishi, mkataba tu, wala si pesa. Wiki iliyofuata nikasikia mzee wangu anakohoa redioni na mimi nimekaa nyumbani nakunywa chai. Walimpata kijana mmoja akanisikiliza kwenye kanda, akaiga.

Kilichoniuma ni kwamba jirani yangu, anayenijua, aliniambia "jana ulichekesha sana."

Kwa hiyo Bi Mkunazini nakuunga mkono, na pia Mzee_wa_Avalon simkatai. Mwenye kituo hasemi "nakutoa kwa sababu ya pesa." Anasema "mhusika ni wetu." Vyote viwili vinatoka mdomo mmoja.

Bi_Mkunazini
Pole mwanangu. Na hapo umegusa penyewe. Striker mwenyewe, aliyeandika yote, alisaini haki zote kwa Trendle miaka ya mwanzo kwa dola kumi. 1954 Trendle akaiuza Lone Ranger kwa Jack Wrather, tajiri wa mafuta wa Texas, kwa dola milioni tatu. Mwandishi ndiye huyo wa kumi.

Shemeji_wa_Tanga
Dola kumi?? Hii chai.

Bi_Mkunazini
Si chai shemeji. Ni mkataba, sarafu ya kupitisha karatasi, yeye alibaki analipwa kazi ya kuandika. Lakini mali ilishaondoka.

Ouma_Mtulivu
Linganisheni na William Boyd, yule wa Hopalong Cassidy. Yeye alinunua haki za filamu zake mwenyewe za kale, karibu afilisike, akazipeleka NBC Juni 1949, yaani kabla ya Lone Ranger. 1950 kampuni ya Aladdin ikaweka picha yake kwenye mikebe ya chakula cha shule, ikauza laki sita mwaka ule wakati kabla yake walikuwa wanauza elfu hamsini. Nani angemtoa Boyd kwenye Hopalong? Boyd amfukuze Boyd?

Kibao_cha_Mbuzi
Ngoja, kwa hiyo Lone Ranger si ya kwanza ya kaboi kwenye TV? Maana kila mahali wameandika ya kwanza.

Hesabu_Kali
Hopalong ilitangulia, ila zilikuwa filamu za sinema zilizokatwakatwa zitoshe muda. Lone Ranger ndiyo ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya televisheni. Wote wawili wana haki ya kujisifu, kila mmoja kwa mlango wake.

Nyanda_Minnesota
Nirudi kwenye swali. Moore aliandika kumbukumbu zake 1996. Humo anasema hakuwahi kupewa sababu. Alitolewa tu. Sasa wale wa "aliomba nyongeza" wametoa wapi, kama mwenyewe hajui?

Mzee_wa_Avalon
Mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Na mtu wa miaka themanini na ushei anaandika kitabu, watoto wake wamemkumbuka kama shujaa, ataandika "niligombea mshahara"? Shujaa wa Lone Ranger hata pombe hanywi, sigara havuti, haui, anapiga bunduki iliyo mkononi mwa adui. Hapo uanze habari za posho?

Nyanda_Minnesota
Mzee, huo ni ushahidi wa kutokuwepo ushahidi.

Mzee_wa_Avalon
Huo ni ushahidi wa umri wangu.

Mwanasheria_Mvivu
Nimepita tu. Angalieni kilichotokea baadaye, kitawasaidia. 1979 kampuni ya Wrather ilimpeleka Moore mahakamani ikapata amri asivae barakoa hadharani. Mzee wa watu miaka yote alikuwa anazunguka kwenye maduka, maonyesho na hospitali za watoto amevaa vile. Wao walikuwa wanatayarisha filamu mpya yenye kijana mpya. Moore akatii amri, akavaa miwani mikubwa myeusi ya jua yenye umbo la barakoa, akaendelea kuzunguka. Watu wakasaini maombi, umma ukawa upande wake. Filamu ikatoka 1981 ikaanguka vibaya. Miaka michache baadaye akaruhusiwa tena.

Kampuni inayoamini kwamba barakoa ni mali yake na uso ni wa kukodi, hiyo ndiyo iliyomtoa 1952.

Hesabu_Kali
Mwanasheria, umechanganya watu wawili. 1952 mwenye mali ni Trendle. 1979 ni kampuni ya Wrather, ambayo ilinunua 1954. Huwezi kumhukumu Trendle kwa kesi ya Wrather.

Mwanasheria_Mvivu
Mali inarithiwa pamoja na tabia.

Hesabu_Kali
Hiyo si sheria, ni taarabu.

Bi_Mkunazini
Taarabu ina sheria zake, usiiguse 😄

Dogo_la_Keko
Mimi naona mnamsahau Tonto. Kama mtu anabadilishwa kama betri, mbona Tonto ni yuleyule mwanzo hadi mwisho?

Nyanda_Minnesota
Dogo, swali la maana kuliko yote humu. Jay Silverheels, Mmohawk wa Six Nations, eneo la Wahindi Wekundu kule Ontario, Kanada. Jina la kuzaliwa Harold Smith, mchezaji mkali wa lacrosse, ule mpira wa fimbo zenye wavu, kabla ya filamu. Yeye hana barakoa! Uso uko wazi. Walipofika msimu wa nne akaugua moyo, hawakumtafuta Tonto mwingine. Walisema Tonto kaenda Washington kuonana na Rais, pengo likazibwa na Dan Reid, mtoto wa yule kaka aliyeuawa, aliyechezwa na Chuck Courtney. Silverheels akapona, akarudi.

Kwa hiyo mwenye uso anangojwa, mwenye barakoa anabadilishwa. Hoja ya Bi Mkunazini inapata nguvu hapa.

Ouma_Mtulivu
Au ni kwa sababu Moore alikuwa amerudi tayari na walishaona cha moto na Hart, wakaogopa kuchezea tena. Huo msimu wa nne ni baada ya funzo, si kabla. Ushahidi wako unasoma kotekote.

Nyanda_Minnesota
Hmm.

Kaka_Mtiasauti
Redioni Tonto alikuwa nani?

Bi_Mkunazini
John Todd, mzungu. Muigizaji mzee wa jukwaani. Televisheni ndiyo ilimleta mwenyeji halisi. Silverheels baadaye, miaka ya sitini, alianzisha darasa la uigizaji kwa Wahindi Wekundu huko Los Angeles, maana alichoka kuona wanachezwa na watu waliopakwa rangi. Nyota yake ya Hollywood aliipata 1979, mwaka huohuo Moore anavuliwa barakoa.

Mkereketwa_Mweusi
Mnabishana nani alivaa barakoa na hamjui mwenyewe halisi alikuwa mtu mweusi. Bass Reeves. Alizaliwa mtumwa Arkansas 1838, akatoroka wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, akaishi na Wacherokee na Wacreek akajifunza lugha zao. 1875 akaapishwa kuwa askari wa shirikisho chini ya mahakama ya Jaji Isaac Parker, Fort Smith. Hakujua kusoma: alikuwa anasomewa hati za kukamata anazishika zote kichwani. Anahesabiwa kukamata watu zaidi ya elfu tatu. Alikuwa anajibadili mavazi, mara ombaomba, mara mkulima. Alitembea na msaidizi wa Kihindi. Na wafungwa wengi wa eneo lile walipelekwa gereza la Detroit. Detroit! Na mchezo wa redio umetoka wapi? Unganisheni wenyewe.

Shemeji_wa_Tanga
Hii sasa ndiyo uzi.

Hesabu_Kali
Bass Reeves ni kweli kabisa, na ni mkubwa kuliko filamu yoyote. Alimkamata hadi mwanawe wa kumzaa kwa kesi ya mauaji. Lakini hilo la kuwa ndiye Lone Ranger liliwashwa na kitabu cha Art Burton cha 2006, na Burton mwenyewe hakusema amethibitisha, alisema anafanana naye kuliko mwingine. Striker aliandikia Buffalo, New York, si Detroit. Hata maandiko ya kwanza ya Lone Ranger aliyatoa kwenye mchezo wake mwingine wa kaboi uliokuwa unarushwa Buffalo. Trendle alikuwa anawataka waandishi wafikirie Zorro na Robin Hood.

Mkereketwa_Mweusi
Na Zorro alikuwa na msaidizi Mhindi Mwekundu? Robin Hood alikuwa na nyota ya sheria kifuani?

Hesabu_Kali
Lone Ranger hana nyota kifuani. Ndiyo maana ya kufa na kuzikwa kaburi la sita.

Mwanasheria_Mvivu
Wapo pia wanaosema ni Kapteni John Hughes wa Texas Rangers, kupitia riwaya ya Zane Grey ya 1915. Mtampata kila mtu anamtaka wake.

Mkereketwa_Mweusi
Sawa, lakini mkisema Hughes hakuna anayeomba chanzo. Nikisema Reeves naulizwa cheti cha kuzaliwa.

Bi_Mkunazini
Hapo kasema.

Mzee_wa_Avalon
Jamani, mnatuambia hizi habari zote, lakini kuna aliyeiona hii kitu kwenye TV ya kwetu? Sisi Dar kaboi ilikuwa ya sinema. TV Bara imekuja 1994, mimi nina mvi.

Ouma_Mtulivu
Nyinyi wabongo mlichelewa. Kenya ilikuwa na TV tangu 1962. Babangu alisimulia jirani mmoja mtaani alikuwa nayo, watoto wanajaa dirishani kutazama picha za kaboi mpaka mwenye nyumba anafunga pazia. Lakini ilikuwa kaboi gani hakumbuki, kwake zote ni "ile ya farasi mweupe".

Bi_Mkunazini
Watu wa Bara na wa Nairobi mnyamaze. Unguja tulipata televisheni 1973, tena ya rangi moja kwa moja. Hii nyeusi na nyeupe mnayoililia sisi hatukupitia.

Dogo_la_Keko
Mods, huyu bibi anatunyanyasa.

Shemeji_wa_Tanga
Swali dogo. Ule muziki wa mwanzo, taratata taratata, mbona nausikia kila mahali, hadi kwenye simu ya mganga wetu?

Kaka_Mtiasauti
Ni Rossini, ufunguzi wa opera ya William Tell, 1829. WXYZ walikuwa wanatafuta muziki usiolipiwa, na mtunzi alishakufa zamani. Ubahili uleule wa dola kumi, safari hii umezaa kitu kizuri.

Nyanda_Minnesota
Niwape nyingine mlale nayo. Yule Dan Reid, mpwa wa Lone Ranger, redioni alikua akazaa mtoto, Britt Reid. Britt ndiye The Green Hornet, mchezo mwingine wa WXYZ, 1936. Na Green Hornet ya TV ya 1966, msaidizi Kato alichezwa na Bruce Lee.

Dogo_la_Keko
SUBIRI. Bruce Lee anafanya kazi kwa mjukuu wa kaka yake Lone Ranger???

Mzee_wa_Avalon
Hapo Lufufu, yule msimuliaji wa picha kwa Kiswahili, angehitaji siku nzima kuelezea ukoo.

Kibao_cha_Mbuzi
Mmenichanganya, lakini vizuri. Nimepata tatu: pesa, jeuri ya Trendle, na kwamba mwenyewe hakuambiwa. Hart mwenyewe alisemaje?

Hesabu_Kali
Hart aliendelea na kazi zake, 1957 akacheza Hawkeye kwenye tamthilia ya Wamohikani. Na kichekesho: ile filamu ya 1981, Moore akiwa amezuiwa hata kuvaa kitambaa, Hart alipewa nafasi ndogo humo, mhariri wa gazeti.

Mzee_wa_Avalon
Eeh! Basi nabadili sababu. Hart alikuwa haombi nyongeza.

Kaka_Mtiasauti
Mzee, usimseme Hart. Aliitwa kazini akaenda. Yule kijana aliyeiga kikohozi changu nilikutana naye baadaye, alikuwa analipwa pungufu ya nilivyolipwa mimi. Tukanunuliana soda.

Nyanda_Minnesota
Mimi nikiri, episodi za Hart nazipenda. Kijana ametulia, hana makuu.

Ouma_Mtulivu
Timu Hart mko wangapi humu?

Nyanda_Minnesota
Mimi na binti yangu. Na yeye anashangilia farasi.